Kwa nini Eccleston hakurudi kuwa Daktari

Swali: Mimi na binti yangu tulianza kuangalia Doctor Who likizo iliyopita, tukaanzia msimu wa 2005, ule wa Christopher Eccleston. Tulimpenda mno. Tulipofika kwenye ile sehemu ndefu ya kusherehekea miaka 50 tukamngoja mpaka majina ya mwisho yakapanda, hakutokea. Binti yangu anasema ni kiburi. Mimi nilisikia alikosana na wakubwa. Hivi mwigizaji anaweza kukataa tu, wakati uhusika wenyewe ndio uliompa jina? Na kama aliuchukia, mbona sasa anamwigiza Daktari huyo huyo kwenye michezo ya sauti? Msomaji, Tanga.

Dada yangu, niruhusu nianze na binti yako, maana yeye ameshatoa hukumu. Mtu akitunyima kitu tulichokuwa tunakitamani, neno la kwanza linalokuja mdomoni ni kiburi. Sasa liweke neno hilo juu ya mambo yenyewe, uone kama litakaa. Eccleston aliitwa kwa sherehe ya 2013, akakataa. Mwaka 2021 akarudi kwa hiari yake, kwa mhusika yule yule mwenye koti la ngozi, na ukimsikiliza unasikia mtu anayeifurahia kazi. Mhusika hakubadilika. Waliobadilika ni wanaomwita, na mahali penyewe pa kazi.

Kwa wasomaji ambao hawajaiona tamthilia hii, nieleze kidogo. BBC ilianza kuirusha 23 Novemba 1963. Daktari ni kiumbe wa sayari nyingine anayesafiri katika wakati na anga ndani ya kibanda cha buluu cha polisi wa Kiingereza. Wa kwanza kumwigiza alikuwa William Hartnell. Afya yake ilipodhoofika, mwaka 1966 waandishi wakabuni ujanja ulioiweka tamthilia hai mpaka leo: Daktari akikaribia kufa mwili wake hujigeuza, naye huamka na sura nyingine na tabia nyingine. Mwigizaji anaondoka, Daktari anabaki.

Ujanja huo ndio unaolifanya suala la kurudi liwe zito hapa kuliko kwingine. Katika tamthilia nyingi mwigizaji akiondoka mhusika wake anauawa, au anapelekwa safari isiyo na mwisho, na watu wanasahau. Hapa walioondoka wanakuwa kama wazee waliowahi kukalia kiti. Sherehe ikifika wanaalikwa, na watu wanahesabu nani kaja na nani hakuja. Ya miaka 10 ilikuwa na Madaktari watatu, ya miaka 20 ikaitwa ya Madaktari watano. Asiyetokea anaonekana kama mtoto wa ukoo aliyesusia harusi, kwa hiyo simlaumu binti yako. Ila akumbuke pia mfano wa aliyekubali. Hartnell alirudi kwenye ile ya miaka 10 akiwa mgonjwa kiasi kwamba alirekodiwa peke yake, ameketi, akisoma maneno yake kwenye kadi, na wenzake wakawa wanaongea naye kupitia skrini. Alifariki 1975. Naikumbuka picha ile kila ninaposikia mtu akisema kurudi ni jambo dogo.

Sasa tuje kwa Eccleston mwenyewe. Tamthilia ilisimamishwa 1989, ikajaribiwa tena kwa filamu moja ya televisheni mwaka 1996, Paul McGann akiwa Daktari wa nane, kisha ikalala. BBC ilipoamua kuifufua ilimpa kazi mwandishi Russell T Davies, ambaye Eccleston alikuwa ameshafanya naye The Second Coming mwaka 2003. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui: Eccleston ndiye aliyemwandikia Davies barua pepe akiomba afikiriwe. Hakusukumwa, aliomba. Na hakuwa mtu wa kuomba omba, maana jina lake lilishajengwa na kazi nzito kama Cracker na Our Friends in the North, za huzuni, siasa na watu wanaovunjika. Ni mtoto wa familia ya wafanyakazi huko Salford, na lafudhi ya kwao hakuificha. Bila shaka mnakumbuka katika sehemu ya kwanza Rose, msichana anayekuja kusafiri naye, anapomuuliza inakuwaje mgeni wa sayari nyingine aongee kama mtu wa kaskazini mwa Uingereza, naye anajibu kwamba sayari nyingi zina kaskazini yake. Mimi nilicheka, halafu nikawaza ni watoto wangapi wa Salford walioketi wima kwenye viti vyao jioni ile.

Jioni yenyewe ilikuwa 26 Machi 2005. Watu karibu milioni 11 waliangalia. Kabla wiki haijaisha habari zikavuja kwamba anaondoka baada ya msimu mmoja tu. BBC ikatoa tamko, na ndani yake maneno yaliyodaiwa kuwa ya Eccleston, kwamba anaogopa kugandwa na uhusika. Siku chache baadaye shirika lenyewe likakiri kwamba maneno yale hayakuwa yake, wala hakuulizwa, na kwamba tangu Januari kulikuwa na makubaliano naye kuwa jambo hilo lisitangazwe. Likaomba radhi.

Hapo pasipitwe haraka. Umefanya kazi miezi mingi, tamthilia iliyokufa imefufuka mikononi mwako, na wiki ile ile unayotakiwa kupongezwa nchi nzima inaambiwa kwamba wewe ni mwoga, tena kwa kinywa chako mwenyewe, kinywa ambacho hakikufunguka. Habari ya kwanza ilifika kila nyumba. Ya kuomba radhi ilifika nyumba chache, na mpaka leo nakutana na watu wazima, wapenzi wa tamthilia hii, wanaoniambia kwa uhakika kabisa kwamba Eccleston aliondoka kwa kuogopa kugandwa na uhusika.

Yeye alinyamaza kwa muda mrefu kuhusu sababu zenyewe. Akawa anadokeza tu kwamba hakupenda mazingira ya kazi. Mwaka 2018 ndipo alipofunguka: alisema uhusiano wake na wakubwa watatu waliokuwa juu yake moja kwa moja, Davies akiwemo, uliharibika tangu awamu ya kwanza kabisa ya kurekodi, ukafika mahali usipoweza kutengenezeka. Akasema pia kwamba baada ya kuondoka alijiona amewekwa pembeni na BBC, na wakala wake akamshauri atoke nchini angoje uongozi ubadilike. Ndiyo maana miaka iliyofuata unamkuta Marekani, kwenye Heroes na baadaye The Leftovers. Hayo ni maelezo ya upande mmoja, na mimi sikuwepo Cardiff walikokuwa wakirekodi, kwa hiyo siwezi kukuambia nani alianza. Ninachoweza kukuambia ni kwamba maelezo hayo hayana mahali popote anapomsema vibaya Daktari.

Kuna sehemu ya pili, nayo ni ngumu zaidi. Katika kitabu chake cha 2019 kuhusu maisha yake na baba yake, Eccleston alieleza kwamba ameishi miaka mingi na ugonjwa wa kujinyima chakula, na kwamba alipokuwa akimwigiza Daktari ugonjwa ulikuwa umemkaba. Watu walipenda alivyoonekana kwenye msimu ule, anaandika, ilhali alikuwa mgonjwa sana. Mimi nimeurudia msimu wote baada ya kusoma hilo. Uso ule mwembamba, macho yale yaliyoingia ndani, tabasamu linalokuja kwa nguvu kupita kiasi: nilikuwa nimeviweka vyote kwenye hesabu ya uigizaji. Sasa sijui kipi niweke wapi. Mtu kama huyo anapoitwa arudi avae lile koti asimame pale pale, anaitwa pia kwenye mwaka ule wa maisha yake.

Utaniuliza: lakini 2013 wakubwa hao si walikuwa wameshaondoka? Ni kweli. Msimamizi wa sherehe alikuwa Steven Moffat, ambaye 2005 alikuwa ameandika zile sehemu mbili za mtoto mwenye kinyago cha gesi, ambazo wengi, mimi nikiwemo, tunaziona bora za msimu ule. Walikutana wakaongea. Eccleston hakufunga mlango kwa teke. Alifikiri, kisha akasema hapana kwa adabu. Nadhani wengi wetu tunaielewa hali hiyo bila kufundishwa. Meneja uliyekosana naye anahamishwa, lakini lango ni lile lile, nembo ni ile ile, na ukipita pale tumbo linakubana. Zaidi ya hapo, hebu tazama alichokuwa anaalikwa kukifanya: kuwa mmoja wa Madaktari watatu ndani ya hadithi ambayo mwenye nyumba wake ni Matt Smith, Daktari wa wakati huo, na mgeni wake wa heshima ni David Tennant, aliyempokea Eccleston kiti. Hao wawili mashabiki wao walikuwa bado moto. Yeye angeingia kama mtu wa msimu mmoja, wa zamani, anayekuja kukamilisha hesabu. Hayo ni makisio yangu mimi kama mwandishi, usimwekee mdomoni naye akaja kuombwa radhi mara ya pili.

Na hapana yake ilizaa kitu kizuri. Mnakumbuka kwamba Daktari wa Eccleston ni manusura wa vita iliyoangamiza watu wake, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeimaliza kwa kuwateketeza wote, adui na ndugu. Hadithi ya miaka 50 ilikuwa inarudi kwenye siku hiyo hiyo. Kwa mpango wa awali aliyesimama mbele ya silaha angekuwa yeye. Alipokosekana, Moffat akabuni Daktari ambaye hakuwahi kuhesabiwa, aliyepigana vita ile na kwa hiyo wenzake wakamnyima hata jina, na akampa John Hurt, mzee wa miaka 73 mwenye uso uliojaa mabonde. Nakiri bila aibu kwamba naiona hii ni bora kuliko mpango wa kwanza. Angekuwa Eccleston, tungekuwa tumeshamsamehe kabla hajafungua mdomo, kwa sababu tunampenda. Daktari wa Hurt tulikuwa hatumjui. Aibu ya Daktari ilikuwa imefichwa hata sisi, mashabiki, tusiione kwa miaka yote hiyo. Sehemu hiyo ilirushwa 23 Novemba 2013 kwa wakati mmoja katika nchi 94, na Uingereza peke yake ikaangaliwa na watu milioni 12.8. Hakuna aliyeizima kwa kuwa mtu mmoja hakuja.

Eccleston hakuwa wa kwanza kukosekana kwenye harusi hii. Tom Baker, yule wa skafu ndefu, alimwigiza Daktari kwa miaka 7, 1974 hadi 1981, muda ambao hakuna aliyeufikia kwenye televisheni. Ilipokuja sherehe ya miaka 20 mwaka 1983 aliona ni mapema mno. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka. Akakataa. Watayarishaji wakafanya mambo mawili ambayo huwa nawasimulia wanafunzi wangu wa uandishi kila mwaka. Kwanza, wakachukua picha za hadithi iitwayo Shada, iliyoachwa njiani 1979 kwa sababu ya mgomo ndani ya BBC, zikimwonyesha Baker akiendesha mtumbwi kwa upondo kwenye mto wa Cambridge, wakazipachika, na wakaeleza kwamba amenasa katika mkondo wa wakati. Pili, ilipofika siku ya kupiga picha za magazeti, wakaleta sanamu yake ya nta kutoka Madame Tussauds, wakaisimamisha katikati ya waigizaji walio hai. Tafuta picha hiyo. Wote wanatabasamu, naye anatabasamu kuliko wote. Na Hartnell, ambaye alikuwa ameshafariki, nafasi yake aliigiza Richard Hurndall. Kwa hiyo kati ya Madaktari watano wa sherehe ile, mmoja alikuwa na sura ya kuazima na mwingine alikuwa picha za zamani na nta.

Baker baadaye alisema alijuta kukataa. Na mwaka 2013, akiwa na miaka 79, ndiye aliyetokea dakika za mwisho kama mzee mtunza makumbusho ya picha, na mkaona jinsi Matt Smith anavyomtazama. Hapana ya Baker ilikuwa ya mtu aliyeshiba akahitaji muda chakula kishuke. Ya Eccleston ilikuwa ya mtu aliyeungua. Ukiziita zote kiburi umeshapoteza tofauti hiyo.

Sasa swali lako la haki: anaweza kukataa tu? Anaweza. BBC inamiliki Daktari: jina, kibanda, hadithi. Mwigizaji anamiliki mwili wake na siku zake, na mkataba ni kuuza idadi fulani ya siku hizo. Zikiisha, ombi jipya ni ombi, na jibu la ombi laweza kuwa hapana. Marekani watayarishaji hupenda kumfunga mwigizaji mapema kwa misimu mingi, kabla hata sehemu ya kwanza haijarushwa, lakini hata kule kuna mpaka. Mwigizaji Olivia de Havilland alipoishinda studio ya Warner Bros. mahakamani California mwaka 1944, ilithibitishwa kwamba mtu hawezi kufungwa kwa mkataba wa kazi zaidi ya miaka 7 ya kalenda, hata kama studio inataka kuongezea ile miezi iliyomsimamisha kazi.

Kesi ninayoipenda zaidi lakini ni ya tamthilia ya Cheers, ile ya baa ya Boston. Kampuni moja iliyokuwa ikiendesha baa za mtindo wa Cheers kwenye viwanja vya ndege ilipata kibali cha Paramount, studio yenye tamthilia hiyo, ikaweka roboti wawili wameketi kaunta, mmoja mnene na mwingine amevaa kama mtu wa posta. Kila mlevi aliyepita aliwatambua: Norm na Cliff. Waigizaji wenyewe, George Wendt na John Ratzenberger, wakashtaki. Utetezi ulikuwa kwamba wahusika ni mali ya Paramount, na Paramount imeruhusu. Mahakama ya rufaa ilisema mwaka 1997 kwamba kesi iendelee, kwa kuwa kummiliki Norm hakumaanishi kuumiliki uso wa Wendt. Hapo ndipo penye mpaka, na nafurahi kwamba ulichorwa kwa sababu ya roboti waliokaa baa.

Umesema uhusika ndio uliompa jina. Kwa Eccleston si hivyo, jina alikuja nalo. Lakini hoja yako ina nguvu kwa wengine, na sisi huku tunaijua vizuri. Ni wangapi Kenya walimjua Benson Wanjau? Mtaje Mzee Ojwang wa Vitimbi, kila mtu anajua, na mwenyewe wala hakuwa Mjaluo. Lafudhi ile aliitengeneza. Mhusika akikua kiasi hicho anakula jina la aliyemzaa. Wengine wanaona ni baraka, wanaingia nayo kaburini. Wengine siku moja wanaamka wanataka jina lao lirudi. Sioni kwa nini wa kwanza awe mwungwana na wa pili awe mtovu wa shukrani.

Mimi mwenyewe nilijifunza hili kwa aibu. Miaka ya nyuma niliandika tamthilia iliyokuwa na mama mkwe mkorofi, na mama aliyemwigiza aliwafanya watu wafunge maduka mapema waende kuangalia. Msimu wa tatu akakataa kurudi. Nilikasirika. Nikamwandikia mhusika safari ya Muscat kwenda kumlea mjukuu, nikasema moyoni hatarudi mpaka aombe. Baadaye nikaenda kumsalimia kwake, bado nimevimba. Akanikaribisha chai, akaniambia, "Mwanangu, yule mama nampenda kuliko unavyompenda wewe. Ila gari lenu linanichukua alfajiri, nakaa juani mpaka magharibi, narudi kwa miguu yangu, na pesa ya msimu wa kwanza haijaisha kulipwa." Sikuwa nikijua. Mwandishi hukaa chumbani na wahusika, hajui gari linakuja saa ngapi. Yule mama mkwe yuko Muscat mpaka leo.

Pesa pia huwa na nafasi yake, ingawa si kila mara kwa njia tunayodhani. Mchekeshaji wa Marekani Jerry Seinfeld aliripotiwa kupewa ahadi ya dola milioni 5 kwa kila sehemu ili aongeze msimu wa 10, akaimaliza tamthilia yake Mei 1998 hata hivyo. Kwa hiyo ukisikia mtu kakataa, usikimbilie kwenye dau.

Kuna na wanaorudi nusu. Kim Cattrall alikuwa Samantha wa Sex and the City tangu 1998. Wenzake waliporudi 2021 na And Just Like That yeye hakuwemo. Waandishi wakampeleka Samantha London, akawa anatuma ujumbe wa simu. Msimu wa pili ulipomalizika Agosti 2023 akatokea mara moja tu, kwenye kiti cha nyuma cha gari, akiongea na rafiki yake kwa simu. Alirekodi bila kuonana wala kuongea na wenzake. Na gari hilo, ambalo kwenye hadithi liko London, lilirekodiwa New York. Watu walibishana kama huo ni urafiki au utani. Mimi niliona ni mkataba uliosomwa vizuri: aliyajua masharti anayoweza kuishi nayo, akayataja, akayapata.

Ndipo tunafika kwenye michezo ya sauti, na nadhani sasa unaona kwa nini si kigeugeu. Big Finish ni kampuni inayotengeneza michezo ya Doctor Who kwa kibali cha BBC tangu 1999. Ilitangaza Agosti 2020 kwamba Eccleston anarudi, na ya kwanza ikatoka Mei 2021. Kazi ya sauti ni nyingine kabisa. Hakuna kuamka usiku kupakwa rangi, hakuna kusimama kwenye mvua ya Cardiff, hakuna mtu anayekupima kiuno. Kwa mtu aliyeishi na ugonjwa kama wake, kumrudia mhusika bila kamera kuuangalia mwili wake si jambo dogo. Wanaomwita ni watu wengine, ratiba ni ya siku chache, na Daktari wa tisa, aliyepewa msimu mmoja tu kwenye runinga, sasa ana hadithi ambazo hazitegemei nani kaja baada yake. Ameanza pia kuhudhuria mikutano ya mashabiki, na alipoulizwa huko angetaka nini ili arudi kwenye televisheni, alitaja kwa majina wakubwa wa zamani ambao wangepaswa kufukuzwa kwanza. Mwaka huo wa 2023 mmoja wao, Davies, alikuwa amesharudi kuisimamia tamthilia. Kwa hiyo msingoje.

Ila mwambie binti yako arudie dakika za mwisho za ile sehemu ya miaka 50. Daktari wa Hurt anaingia kwenye kibanda chake, mwanga unaanza kumtoka mikononi, anajua anageuka. Anasema anatumaini safari hii masikio hayatajitokeza sana. Kisha picha inakatwa kabla sura mpya haijakamilika. Halafu wekeni sehemu ya kwanza kabisa ya 2005, nyumbani kwa kina Rose, pale Eccleston anapopita mbele ya kioo, anajitazama, na kitu cha kwanza anachokigusa ni masikio yake.